Fundi Asiye na Spana

Mjomba amekula chumvi nyingi katika gereji za Tanga. Mpigie simu umsikilizishe injini inavyokohoa, atakuambia kama ni plagi au pampu ya mafuta, na usipomwamini utamrudia gari likiwa limevutwa kwa kamba. Kwa hiyo alipokuja Nyuzilandi na mkaza mjomba kututembelea Christchurch, na tukakodi gari la viti saba ili twende sote pwani ya magharibi kuutazama mto wa barafu, aliingia chini ya gari kabla mhudumu hajamaliza maelezo. Akatoka na doa la grisi begani, ameridhika.

Mimi nilikuwa napiga picha: pande zote nne, vioo, raba za milango, na waipa moja moja kwa karibu.

"Mwanangu," akasema Mjomba, "waipa nazo unazipiga picha? Zinaposwa?"

Nikanyamaza. Anayepeleka gari la kukodi kwenye milima ile hupiga picha ya kila kitu cha mpira, kisha husoma kwenye mkataba ni kiasi gani atalipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Sababu angeiona kwa macho yake, na mimi si wa kumharibia mtu mzima utamu wa safari.

Kutoka Christchurch hadi kijiji cha Franz Josef ni kama kilomita 390, mwendo wa saa tano na ushei kama huna watoto, na wa siku nzima kama unao. Barabara namba 73 inakata milima pale Arthur's Pass, njia ambayo Wamaori waliipita kwa miguu karne nyingi kabla ya lami wakifuata pounamu, jiwe la kijani la mto Arahura. Upande wa pili unashuka kwa daraja la Otira, mita 440, lililofunguliwa mwaka 1999, unaibukia pwani, unapita Hokitika na kuelekea kusini kwa barabara namba 6. Hokitika ndipo pa kujaza tangi, maana mbele vituo ni vya kuhesabu na simu hukosa mtandao kwa masafa marefu. Kule wanaendesha kushoto kama nyumbani, basi Mjomba akajiona mwenyeji tangu tulipotoka getini, mpaka tulipofika kwenye madaraja ya njia moja.

Madaraja hayo yako mengi. Kabla ya kila moja kuna kibao chenye mishale miwili: mkubwa ni wa anayepita kwanza, mwekundu mdogo ni wa anayengoja. Ukiona upande wako ndio mwekundu, unasimama na kumwachia wa ng'ambo.

"Anayewasha taa kwanza ndiye anayepita," Mjomba akamfundisha mume wangu aliyeshika usukani.

"Hapa ni mshale, Mjomba."

"Mshale haujamzuia mtu. Washa taa."

Mume wangu akasimama. Lori la maziwa likapita daraja zima bila kupunguza mwendo, likatutikisa hadi chupa ya chai ikalia kwenye kikapu. Mjomba akalisindikiza kwa macho mpaka likapotelea konani. Somo la taa likaishia hapo.

Mto wa barafu wenyewe una majina mawili, na yote mawili yako kwenye ramani. Franz Josef ni la mfalme mkuu wa Austria, alilolipachika Mjerumani Julius von Haast mwaka 1865. Kā Roimata o Hine Hukatere ni la wenyeji, Wamaori wa Ngāi Tahu, lililokuwapo kitambo kabla ya huyo Mjerumani, likarudi kwenye matumizi rasmi kwa sheria ya mwaka 1998 iliyomaliza madai yao ya ardhi dhidi ya serikali.

"Huyo mfalme aliwahi kufika?" Mjomba akauliza.

"Hapana."

"Hata kutuma mtu?"

"Wala."

"Basi la wenyeji," akakata shauri, na tangu hapo akaliita Roimata.

Kutoka kijijini unavuka mto Waiho, halafu ni kilomita kama tano za barabara nyembamba ndani ya msitu hadi maegesho. Daraja la Waiho liliwahi kusombwa lote mwezi Machi 2019, mto ulipofura ukalibeba mbele ya macho ya watu. Pwani ile kwa mwaka hupata mvua ya mita tano hivi, karibu mara nne ya Tanga, ndiyo maana msitu unagusana na barafu, na ndiyo maana mwenye akili huenda asubuhi. Kufika adhuhuri mawingu huwa yamekwisha teremka, na mgeni anapiga picha ukungu.

Sisi, kwa sababu ya madaraja na haja ndogo za watoto, tulifika siku ya pili, karibu na adhuhuri.

Nikasimama mlangoni kabla mtu hajashuka, nikatoa masharti. Vioo vyote vifungwe hadi juu, pasibaki hata upenyo wa kidole. Juu ya gari pasiwekwe kitu. Mabegi yafungwe zipu na yaingie kwenye buti. Viatu visiachwe nje. Na asionekane mtu akimpa ndege chakula, hata punje.

"Ndege gani?" akauliza mkaza mjomba.

Kea. Ni kasuku wa kijani cha zeituni, mkubwa kuliko kunguru, uzito wake unakaribia kilo moja, chini ya mbawa ana manyoya ya machungwa ambayo huyaoni mpaka aruke. Anaishi milimani kwenye theluji, jambo ambalo kasuku wengine wamelikataa. Dume ana mdomo mrefu zaidi wa juu, umepinda na umechongoka, na anautumia kufukua mizizi, kupasua magogo yaliyooza na kukagua kila kigeni kilicholetwa bondeni. Wafugaji wa kondoo waliwahi kumchukia hata serikali ikalipa fedha kwa kila mdomo ulioletwa. Inakadiriwa waliuawa 150,000 kabla zawadi hiyo haijafutwa miaka ya 1970 mwanzoni. Tangu 1986 analindwa kikamilifu na sheria, na waliobaki ni wachache. Ukimlisha unamfundisha kushinda maegeshoni, na maegeshoni ndiko anakogongwa na magari. Kingine kinachomuua ni risasi, ile metali: anaitafuna kwenye misumari na mabati ya nyumba za zamani kwa sababu ina utamu.

"Kasuku tu," akasema Mjomba. "Sisi tumekua na kunguru wa Zanzibar. Kunguru amewahi kuninyang'anya samaki mkononi. Kasuku atanifanya nini?"

Tukapanda kwanza kwenye kituo cha kutazamia, Sentinel Rock. Kwenda na kurudi ni kama dakika 20, njia ni fupi lakini imesimama, inapinda huku na huku ndani ya msitu wenye mikangaga mirefu kama minazi michanga. Mwamba huo nao uliwahi kufunikwa na barafu, ndiyo iliyoulainisha mgongo. Watoto walipanda mbio. Mjomba alipanda na makubazi yake ya ngozi mkononi, kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu viatu vya kufunga kamba tulivyomnunulia hakuwa akiviamini kwa kutawadhia.

Juu pale bonde lote liko wazi. Chini mto wa rangi ya saruji, kwa sababu barafu husaga mwamba unga laini na maji yanaubeba. Kati kati mawe ya kila saizi, mengine ya ukubwa wa nyumba. Na mwisho kabisa, juu, konani, barafu.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile, Mjomba."

"Iko mbali."

"Ilikuwa karibu."

Alinitazama kama niliyeisogeza mimi. Nikamweleza. Kati ya 1983 na 2008 mto ule ulikuwa ukisonga mbele, wakati barafu nyingi duniani zinarudi nyuma. Theluji ilikuwa ikilundikana bakuli la juu kwa wingi, na kwa kuwa mteremko ni mkali, uzito wake ulifika chini kwa miaka michache tu. Baada ya 2008 ukageuka, ukarudi nyuma kwa kasi. Mpaka 2012 waongozaji waliwapandisha watu barafuni kwa miguu wakipitia bondeni. Mwaka ule uso wa chini ukawa mwembamba na wa kuporomoka, na tangu hapo anayetaka kuikanyaga huenda kwa helikopta. Kamba na vibao vya kuzuia watu bondeni havikuwekwa kwa kupamba. Mwaka 2009 ndugu wawili waliovuka kamba kwenye mto jirani wa Fox waliangukiwa na barafu wakafa.

"Na Kibo ni hivyo hivyo," akasema mume wangu, ambaye ni Mchagga wa Machame na hawezi kupita kando ya mlima wowote bila kuutaja wake. "Babu yangu aliiona Kibo imejaa. Mimi nimeiona ina viraka."

Pale ndipo watoto walipodai hadithi, nami nikawapa kama inavyosimuliwa na Ngāi Tahu. Hine Hukatere alikuwa mpanda milima, hakuna kilele kilichomtisha. Mpenzi wake Wawe, aitwaye pia Tuawe, hakuwa mzoefu, lakini binti alimbembeleza wapande pamoja, na mapenzi yana nguvu. Wakiwa juu, maporomoko ya theluji yakamchukua kijana, yakamtupa chini, akafa. Hine Hukatere akalia, na machozi yake yakaganda mlimani yakawa barafu ile tunayoiona. Mto wa jirani, ule wa Fox, kwao ni Te Moeka o Tuawe, ndio malazi ya huyo kijana.

Watoto wakanyamaza. Mkaza mjomba hakunyamaza.

"Mnasikia? Kijana wa watu hana habari na milima, kapandishwa kwa maneno matamu. Mimi asubuhi nilisema magoti yananiuma. Nani alisema 'twende, ni karibu'?"

"Hujafa," akasema Mjomba.

"Bado hatujashuka."

Mume wangu akaingiza ya Mawenzi aliyekuwa akienda kwa Kibo kuomba moto mpaka Kibo akachoka akamchapa, ndiyo maana Mawenzi amebaki na kichwa kilichochongoka hivi na vile. Mkaza mjomba akasema wanaume wa Kichagga hata milima yao haina mapenzi. Tukashuka.

Maegeshoni kulikuwa na usubi. Usiposimama hawakuoni, ukisimama wanakumaliza, na ni majike tu wanaouma. Wazazi wao na wa usubi wa Mahenge na Tukuyu ni ukoo mmoja, wote huzaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, ila wa Nyuzilandi hawaleti upofu, wanaleta muwasho wa wiki nzima. Dawa ni ya kupaka yenye DEET, soksi juu ya suruali, na kutosimama. Wamaori wanasema Hine-nui-te-pō, mwenye ufalme wa wafu, ndiye aliyewaachia pale Piopiotahi, kusini zaidi, alipoona mahali ni pazuri mno na watu wangekaa wakisahau kazi.

"Huyo mama anajua kuendesha nyumba," mkaza mjomba akasema, akaingia garini, akafunga mlango, nami nikaingia naye tukamimina chai. Mume wangu akawapeleka watoto chooni.

Mjomba akabaki nje. Msafiri anaruhusiwa kujumuisha adhuhuri na alasiri, rakaa mbili mbili, na yeye hakutaka kungoja. Akatawadha kwa chupa ya maji, akatafuta kibla kwa simu, akatandika msala pembeni mwa gari mahali pasipopita watu. Makubazi akayavua akayapanga nyuma yake, vizuri, ncha zikielekea upande mmoja. Akanyanyua mikono.

Kea wa kwanza alitua wakati Mjomba anarukuu.

Wanarukaruka kiubavu, na hawaogopi mtu hata chembe. Huyu aliyazunguka makubazi mara moja, akachagua la kulia, akaling'ata ukanda, akalivuta hatua mbili, akasimama kuona kama kuna atakayepinga. Hakuna. Wa pili akatua juu ya paa letu, tukamsikia kucha, kisha akateleza kwenye kioo cha mbele hadi chini, akatua juu ya boneti na kututazama tukinywa chai. Wa tatu na wa nne walikuja kimya upande wa nyuma. Hao ndio waliokuwa na kazi.

Nikatoka. Nilipiga makofi, nikapunga leso, nikasema maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Wa bonetini aliinua kichwa, akainamisha upande, akaendelea. Kumpiga au kumrushia kitu ni kosa la jinai, na wao wanaonekana kulijua. Nilitaka kulikimbilia kubazi, lakini yule mwizi alikuwa amekwisha kulivuta akapitia mkono wa kushoto, akasimama mbele ya Mjomba, pale pale penye paji la uso. Na mbele ya anayesali hakupitwi.

Sala ya adhuhuri husomwa kimya. Ya Mjomba haikuwa kimya tena.

"Allaaahu AKBAR," akasema akishuka, kwa sauti ya kuwaamsha watu wa kijijini, na jicho moja upande wa kubazi.

"Kasahau," mkaza mjomba akanong'ona kwa ndani ya kioo. "Hiyo si magharibi."

"SUB-HAANA Rabbiya," ikaja kutoka chini, kila silabi imebeba ujumbe.

Kea alirudi nyuma kidogo, akalishika kubazi kwa mguu na kuanza kuchomoa mshono. Mjomba akainuka, kea akainua kichwa, wakatazamana. Mjomba akasujudu mara ya pili, kea akaendelea na mshono. Sijapata kumwona Mjomba akitoa salamu ya kulia na ya kushoto kwa mwendo ule. Tasbihi hakuhesabu. Alisimama, kea akalibeba kubazi mdomoni, akaruka kwa shida hadi juu ya paa la choo, manyoya yake ya machungwa yakaonekana wazi, na kule juu akaketi nalo. La kushoto hakulitaka.

Alasiri ikaahirishwa. Wakati wake ulikuwa bado.

Ndipo tukalizunguka gari. Raba ya mlango wa kuteleza ilikuwa inaning'inia kama urefu wa mkono. Kwenye waipa ya dereva, ule ulimi wa mpira ulikuwa umetolewa mzima, fremu imebaki mifupa. Kidude cha mpira kwenye shina la antena kimekwenda na maji.

Mimi nilikuwa nahesabu fedha kichwani. Mjomba alikuwa ameinama, mikono nyuma, anakagua.

"Njoo uone," akaniita kwa sauti ya chini, ile ya gereji. "Huyu hakuvuta ovyo. Raba ya mlango imeungwa hapa, kwenye kona ya chini, na yeye kaanzia hapa hapa. Ukianzia kwingine inakatika, ukianzia kwenye kiungo inatoka yote. Kwenye waipa kaibana ile mikono midogo akauchomoa mpira kwa mwisho ulio wazi. Nina kijana gereji kakaa miaka miwili, bado anaukata kwa kisu."

"Mjomba, wametuharibia gari la watu."

"Nimeona. Lakini kazi safi uisifu."

Tone la kwanza likanipiga puani. Dakika chache baadaye mvua ya pwani ya magharibi ilikuwa imeshuka yote kwa pamoja, barafu haionekani, mwamba hauonekani, choo hakionekani. Kubazi lilikuwa bado huko.

Gari la usukani wa kulia lisilo na waipa ya kulia, kwenye mvua ile, haliendi. Ukiiwasha fremu tupu chuma kinakwaruza kioo, na kioo cha mbele ndicho ambacho bima nyingi za magari ya kukodi hukiweka kando. Tukajikokota hadi kijijini mvua ilipopungua kidogo, tukauliza: waipa za saizi yetu hakuna, labda Hokitika, kilomita kama 135. Mume wangu akapendekeza tulale pale pale. Mjomba akavua koti.

Kazi ilikuwa hivi, na mwenye kwenda upande ule ajue. Gari letu, kama mengi ya Kijapani, lina waipa mbili zisizolingana: ya dereva inchi 26, ya abiria inchi 16, lakini ndoano zinazoshika ni za namna moja. Tulitandika taulo juu ya kioo kwanza, kwa sababu mkono wa waipa una springi, na ukikuponyoka bila blade unapasua kioo. Mjomba akaunyanyua mkono wa abiria hadi ukasimama, akaigeuza blade ikakingama, akabonyeza kile kiulimi cha plastiki katikati kwa kidole gumba, akaisukuma kuelekea chini ya mkono ikatoka kwenye ndoano. Akaihamishia kwa dereva, akaivuta juu mpaka ikalia *tak*. Ikiwa haijalia, bado haijashika. Waipa fupi upande wa dereva inafagia sehemu ndogo, lakini sehemu hiyo ndiyo yenye macho yake. Kamwe usijaribu kinyume chake, ndefu upande mfupi: zitagongana katikati.

Ukabaki mkono wa abiria, mtupu. Mikono yote miwili huendeshwa na mota moja, huwezi kuzima mmoja. Mjomba akaagiza soksi.

"Ya nani?"

"Yenye manyoya."

Ikapatikana ya yule mdogo, ya manjano, yenye masikio mawili ya sungura. Akaivisha kwenye ule mkono mtupu hadi ndoano na chuma chote kikafichika, akaifunga kwa soletepu sehemu tatu, masikio yakabaki huru kwa sababu soletepu iliisha. Raba ya mlango aliirudisha kwa maji ya sabuni: unaanzia konani, unaibana kwa kidole gumba inchi kwa inchi bila kuivuta, maana ukiivuta itakuja kupungua mwishoni. Pale ilipotafunwa tukaziba kwa mfuko wa plastiki.

Asubuhi tukaondoka, kilomita 70 kwa saa, tukijitenga pembeni kila gari lilipotujia nyuma. Mvua ilikuwa bado. Waipa ya dereva ilifagia. Upande wa pili, mbele ya uso wa mkaza mjomba, sungura alikwenda kushoto, akaja kulia, akaenda kushoto, masikio yakipunga.

Kwenye daraja la njia moja karibu na Harihari mshale ulikuwa mwekundu kwetu. Tukasimama. Dereva wa upande wa pili akaja polepole, akamwona sungura, akadhani tunamsalimia. Akapunga mkono. Akawasha taa.

"Umeona?" akasema Mjomba.

Hokitika tulipata blade na raba ya kuingiza, dakika tano. Soksi ilitoka na kutu, mwenyewe akaikataa.

Christchurch, kwenye kaunta, niliandaa maelezo kwa Kiingereza kilichonyooka, na picha zangu zote za kabla. Mhudumu, tofauti na yule wa mwanzo, hakuinua kichwa kutoka kwenye fomu.

"Kea?"

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Wanne."

Akaandika. Akatoka na tochi, akazunguka gari, akapapasa raba ya mlango kwa vidole viwili, akarudi na karatasi ya bei. Waipa haikuhesabiwa kwa kuwa tumenunua. Raba ya mlango ilikuwa na bei yake, na chini yake mstari wa pili, wa kazi ya kuibandika, uliozidi ule wa kwanza.

Nilimtafsiria Mjomba. Aliitaka karatasi aione mwenyewe, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi, akanirudishia.

"Waambie nusu saa," akasema akikunja mikono ya shati. "Bisibisi bapa na kikombe cha maji ya sabuni."

Hawakumpa.